Komeo la Ndani

Asubuhi ile tulitoka Nyamianda bila kujua tunakwenda wapi. Ziwa lilikuwa limelala kama mafuta ndani ya sahani, na milima ya Burundi ng'ambo ilikuwa haijaamua bado kama ni milima au ni mawingu. Nilibeba mfuko wa mchele ambamo nilikuwa nimetia vitenge viwili vya yaya na blanketi lake. Sahani yake ya bati aliikataa isiingie mfukoni. Aliibana kifuani kwa mikono yote miwili, na ndivyo tulivyopita mbele ya majirani waliokuwa wakifagia: mimi na mfuko, yeye na sahani, kama watu wanaokwenda karamuni mapema mno.

Kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, awe wa kike au wa kiume. Wangu ni wa kike. Alinitangulia kwa miaka saba hivi, lakini tangu nilipoanza kutembea watu walinihesabu mimi kuwa mkubwa. Akili yake ilikua polepole, kisha ikakaa mahali ilipopapenda. Anajua kuvaa, anajua kuosha vyombo na kuanika ndagala, dagaa wetu wa ziwa, tena huwapanga vichwa vyote vikitazama maji. Saa hazijui, na ukimpoteza sokoni hataweza kusema anatoka wapi. Akifurahi hupiga kelele moja ndefu, uuuu, inayofika mpaka nyumba ya kumi. Mtaani walimwita "ile mutoto". Alikuwa na miaka arobaini na kitu.

Nilikuwa nimerudi jana yake tu. Miezi mingi nilikuwa upande wa kusini, nikipakia mizigo Kalundu, kisha nikifuata mitumbwi hadi Baraka, kisha nikifuata tu. Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sijui kukaa. Nikiona njia ni kama mtu ameniita. Basi nilirudi na fungu la samaki, nikauliza yaya yuko wapi. Mke wa baba mdogo alinionyesha kwa kidevu. Nyuma ya jiko palikuwa na chumba kidogo, na mlangoni kufuli. Katika ufa wa mbao niliona vidole vinne vimetulia, kama ndege waliozoea waya.

"Juu ya nini unaniangalia vile?" mke wa baba mdogo akasema. "Minye naenda soko, baba yako mudogo anaenda kazi. Nani atabaki naye? Na maji unaona iko wapi."

Niliona. Ziwa lilikuwa limepanda, limekula migomba na choo cha zamani, sasa lilikuwa linalamba ukuta wa jiko.

"Siku moja aliingia mpaka hapa," akagusa shingo yake, "na nguo zote, anacheka. Nilimutoa minye. Weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natembea."

"Basi tembea naye."

Alisema hivyo akiwapara samaki wangu magamba, wala hakuinua kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Yaya alikuwa ameshiba, nguo zake zilikuwa safi. Lakini usiku ule maneno yake yalikaa nami kama mgeni asiyeaga, na kulipopambazuka nikaona ni shauri zuri.

Mama yetu, alipokuwa anakwenda, hakuniachia usia. Aliniachia namna ya kumwogesha yaya: maji ya vuguvugu, uanze na miguu, usimwagie kichwa kabla hajafumba macho mwenyewe. Sijui kama alitaka niyafanye hayo kila siku ya maisha yangu. Nilichotaka mimi asubuhi ile ni kumpatia yaya mahali pa kuishi pasipo kufuli, kisha niwe huru kushika njia tena. Nayasema yote mawili, maana yote mawili yalikuwa kweli na yalitembea pamoja, kama sisi.

*

Tulipanda taratibu hadi Kasenga. Yaya hutembea kama mtu anayesoma ardhi; anasimama kwenye kifuniko cha chupa, anasimama kwenye kivuli cha mbuzi. Nami sina haraka kwa asili, kwa hiyo tulichukua nusu ya asubuhi kwa mwendo ambao motari wa pikipiki angeumaliza kabla hujatengeneza kofia yako.

Mbele ya karakana moja nilisimama mimi. Fundi seremala alikuwa anatoboa mlango mpya, na mimi nikiona mtu anafanya kitu lazima niulize. Nikamwuliza kwa nini komeo analiweka juu hivyo.

"Juu ya watoto wadogo wasilifikie," akasema. Akamtazama yaya na sahani yake. Akaushusha mkono. "Huyu unamupeleka wapi?"

"Bado sijue."

"Ah! Muntu anatoka nyumbani na muntu, na hajue!" Akacheka, lakini akaja na stuli, akampangusia yaya vumbi la mbao, akamkalisha. Akaniambia anajua nyumba mbili zinazopokea watu wazima wa namna ya yaya. Moja iko hapo hapo, nyuma ya kanisa, nzuri sana, ina sementi mpaka mlangoni. Nyingine iko mbali, Luberizi, katika mashamba ya mpunga.

"Ile ya Luberizi minye niliitengenezea milango. Tano. Mama wa kule ananiambia, fundi, komeo utie kwa ndani. Nikamwambia, mama, bantu yako si watajifungia? Akaniambia, ni kwa sababu hiyo nakulipa." Akatikisa kichwa. "Bantu ya mpunga, jua iliwapiga."

Komeo lile la ndani liliniingia kichwani likakaa. Lakini miguu ya yaya ilikuwa imechoka, na nyumba ya karibu ilikuwa karibu.

*

Ilikuwa nzuri kweli. Ua umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana, maua katika makopo yaliyopakwa rangi nyeupe, choo kinachonuka sabuni. Chini ya kibaraza watu tisa walikuwa wamekaa kwenye benchi moja ndefu, wanaume kwa wanawake, wamenyolewa nywele, wamevaa mashati ya rangi moja. Kimya kilikuwa kizito na kitamu, kama mchana wa Jumapili. Mlezi wao alikuja na kaye, daftari lake, mkononi, mwanamke mnene mwenye sauti ya pamba.

"Batoto yangu, musalimie mugeni."

"Jambo mugeni," wakasema pamoja. Mmoja wao alikuwa na ndevu nyeupe.

Mlezi alitutembeza. Hapa wanaamka saa moja, hapa wanaoga kwa mstari, hapa wanakula. Hakuna aliyewahi kuanguka, hakuna anayelia, hakuna anayepotea. Aliposema hivyo alimshika mmoja kidole, akakitazama, akatoa kiwembe mfukoni na kumkata ukucha palepale, kwa upole ambao sikuwahi kumwonyesha yaya. Nilitafuta kosa sikulipata.

Kisha akafungua mlango wa chumba kimoja anionyeshe vitanda. Ndani mwanamke alikuwa anabadilisha nguo, kifua wazi. Mimi niligeuka upesi. Yeye hakugeuka wala hakujifunika. Alisimama vilevile na shati mkononi, anangoja tumalize kuangalia. Mlezi aliendelea kunieleza habari za magodoro.

Nimetembea vijiji vingi. Hata nyumba ya nyasi isiyo na mlango nimesimama nje nikapiga hodi, nikangoja mtu aseme karibu. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, asipojibu unajiendea. Mtu hata akiwa maskini wa kulala chini, ana hiyo hodi yake. Nilisimama pale uani nikatambua kwamba katika maisha yangu yote sijawahi kumpigia yaya hodi. Nilikuwa naingia tu, kama mtu anavyoingia jikoni.

"Haya, tumuulize mwenyewe," mlezi akasema kwa furaha, akamwinamia. "Mutoto muzuri, utarudi na kaka ao utabaki na mama hapa?"

"Hapa," yaya akasema.

"Umesikia? Anapenda."

Hapo lazima niseme jambo ambalo hakuna aliyelijua ila mimi. Ukimwuliza yaya, unataka chai ao uji, atasema uji. Ukimwuliza, unataka uji ao chai, atasema chai. Neno la mwisho ndilo linalobaki naye, kama jani linalobaki kwenye wavu, na ndilo anakurudishia. Niligundua hilo nikiwa mdogo na nikalitumia. Nikitaka kwenda kucheza mbali nilimwuliza mbele ya mama: "Yaya, twende wote ao ubaki nyumbani?" "Nyumbani," anasema, na mama amesikia, nami nimeshafika ufukweni. Miaka thelathini nimemjibisha ninachotaka. Sasa kumsikia mwingine akifanya vilevile, bila hila, kwa moyo safi, nilijihisi kama mtu aliyeliona shati lake limevaliwa na mwizi.

Nikamwangalia yaya. Sahani bado ilikuwa kifuani. Alipopewa kiti hakuiweka chini, alipopewa maji alikunywa kwa mkono mmoja.

"Tutarudi, mama," nikasema.

"Usikawie. Nafasi iko moja tu."

Walituaga wote pamoja, kwa sauti moja. Nilipofika barabarani nilikuwa natembea upesi, na yaya, kwa mara ya kwanza siku ile, alikuwa ananifuata bila kusimama.

*

Lori moja lililoleta mpunga hapa mjini Uvira lilikuwa linarudi na magunia matupu na chumvi kidogo. Dereva alituruhusu tukae juu. Sijui kama kuna kitanda kizuri kama magunia matupu yenye vumbi la mchele, jua likiwa limekwisha kupanda. Ziwa lilibaki nyuma yetu, likawa utepe, likawa uzi, likawa nuru tu chini ya anga. Upande wa kushoto milima ilikuwa inatembea nasi. Uwanda wa Ruzizi ulifunguka, na sikumbuki tena kama niliona ng'ombe kwanza au mianzi, kama tuliongea au tulilala, maana joto lilikuwa linapanda kutoka barabarani na kila kitu kilicheza kidogo, hata nyumba. Nakumbuka mikono ya yaya ikiwa imeipindua sahani juu ya kichwa chake kama kofia.

Baada ya Sange mashamba ya mpunga yalianza, ya kijani kisha ya manjano, na ndani yake wanawake wamesimama juu ya vichanja vya miti wakifukuza ndege. Kazi yao ni kupiga kelele. Ndege wanatua upande huu, mmoja anaita. Wanaruka upande ule, mwingine anapokea. "Uuuu!" "Uuuu!" Sauti zilikuwa zinapita juu ya mpunga kama upepo uliojifunza kusema.

Yaya alisimama wima katikati ya magunia. Nikamshika kiuno. Akafungua mdomo.

"Uuuuuu!"

Na mwanamke mmoja, mbali kabisa, mdogo kama kijiti, akaitika.

Yaya aligeuka akanitazama. Sina neno la uso ule. Kelele ile ile iliyowafanya majirani wa Nyamianda watupe mawe juu ya bati letu, hapa ilikuwa imejibiwa. Aliita mpaka Luberizi, na shamba kwa shamba waliitika, wakidhani ni mwenzao, na ndege waliruka juu yetu kama konzi za mchanga.

Mimi kichwani tayari nilikuwa nafanya biashara. Nikasema, nimepata la kuwaambia.

*

Ua wa Luberizi haukuwa na maua. Kulikuwa na turubai lililoanikwa mpunga, bata wawili, ndoo, kiatu kimoja. Nilisukuma lango la mabati nikaingia. Mwanamume mmoja wa makamo, amekumbatia redio kubwa isiyo na betri, akaja mbio akanisimamia mbele.

"Weye ni nani?"

"Minye ni mugeni."

"Haukupiga hodi."

"Nimekwisha ingia, kaka."

"Toka."

Alikuwa hana hasira. Alingoja tu, na redio yake. Tukatoka, mimi na yaya, nikalirudisha lango, nikapiga hodi kwenye bati. Nikapiga ya pili. Nilimsikia anahema upande wa pili, karibu sana. Ya tatu.

"Karibu!" akasema kwa mshangao mkubwa, kama mtu ambaye hakutarajia wageni, akatufungulia.

Mwanamke aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, kando ya jiko alikuwa anacheka, lakini kwa nusu ya uso. Alikuwa amefunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, jino linamuuma, na kila neno lilitokea pembeni mwa mdomo. Alikuwa wa umri wangu hivi. Alituangalia miguu.

"Bantu ya ziwa," akasema. "Munanuka ndagala mpaka hapa."

"Na nyinyi munanuka matope, mama."

"Mpunga inanuka pesa, ndugu. Kaa." Kisha akafuta mikono, akamgeukia yaya. "Na huyu tumuite nani?"

"Kwetu wanamwita mutoto."

"Minye naona mama mukubwa. Weye unamuita nani?"

"Yaya."

"Basi ni yaya wangu pia. Jambo, yaya."

"Yaya," yaya akasema.

Nikaanza biashara yangu. Nikamwambia yaya ni mtu wa kazi, anaosha, anaanika, na zaidi ya yote ana sauti ya kufukuza ndege, njia nzima wanawake wa mashamba walikuwa wanamwitikia, kwa hiyo hatakuwa mzigo. "Yaya, waonyeshe. Uuuu!"

Yaya alitazama bata. Mdomo umefungwa.

"Uuuu!" nikasema tena, peke yangu, katikati ya ua wa watu.

"Uuuu," yule wa redio akanisaidia.

Mwanamke alishika shavu lake. "Usinichekeshe, inaniuma. Umemuleta juu ya makelele ao juu ya kuishi? Hapa kuna anayelima na kuna asiyelima. Huyu," akamwonyesha mwenye redio, "tangu amefika kazi yake ni mulango. Hakuna aliyemupa. Mwenyewe aliipenda."

Akavuta stuli akakaa mbele ya yaya, magoti kwa magoti. "Yaya, njia ilikuwa aje?"

"Ilikuwa nzuri," nikasema. "Amechoka kidogo. Anapenda maji ya..."

"Sikukuuliza weye."

Tukangoja. Sijawahi kungoja hivyo. Bata mmoja alipita, akafika ukutani, akarudi. Kivuli cha mchi kilitoka kwenye kinu kikagusa kidole changu cha mguu. Yaya alikuwa anageuza sahani kifuani, taratibu, upande huu na upande ule, na mwanamke alikuwa anaitazama sahani ikigeuka kana kwamba inasema. Mimi ndani nilikuwa nawaka. Jua lilikuwa limeinama, lori halitapita tena, na kama tusingepokewa hapa ningerudi kwenye kufuli au kwenye benchi. Nikashindwa. Nikatumia ujanja wangu wa zamani.

"Yaya, unataka kurudi ao kubaki?"

"Kubaki."

"Umesikia, mama?"

Mwanamke hakunitazama. Akamwinamia yaya, akasema polepole: "Yaya. Unataka kubaki, ao kurudi?"

"Kurudi."

Mwenye redio alicheka. Mimi nilitazama chini.

"Muongo weye," mwanamke akasema, bila ukali. "Tena muongo wa siku nyingi."

"Tangu utoto."

"Minye pia nilikuwa hivyo, lakini sikujua." Akamwonyesha tena yule wa redio. "Huyu nilimupa chai asubuhi mwaka muzima. Kila siku namuuliza, uji ao chai? Chai. Uji ao chai? Chai. Nikajisifu, minye namujua muntu wangu. Siku moja akanitazama, akaimwaga yote kwenye miguu yangu. Moto! Hiyo ndiyo alikuwa anajibu." Akacheka, akashika shavu. "Tangu siku hiyo hapa mudomo hatuuamini peke yake. Tunaweka vitu viwili mbele yake, tunanyamaza."

"Basi utajua aje kama anataka kukaa hapa?"

"Sitajua leo. Muntu akipenda pahali, ataweka kitu yake chini. Yeye mwenyewe, hapana kwa kusukumwa. Asipoiweka, utaenda naye, na minye nitawafungia mchele wa njia. Lakini na weye utabaki hapa mpaka tuone. Hautaniachia muntu kama barua."

Hilo lilinipata mahali penyewe. Nilikuwa nimekwisha kuihesabu njia ya mbele, ya kwenda Luvungi, kichwani mwangu, kesho alfajiri, mikono mitupu.

*

Chumba alichopewa yaya kilikuwa cha nne katika safu. Kitanda, kiboksi cha mbao, kidirisha kinachotazama mpunga. Mlango wa yule seremala niliutambua. Komeo lilikuwa chini, usawa wa mkono wa mtu aliyesimama, kwa ndani.

Mwanamke hakuingia. Alisimama kizingitini akamwonyesha yaya. Aliingiza mkono tu, akasukuma komeo, *tak*, akalivuta. "Hii ni yako. Ukitaka bantu, unavuta. Ukiwachoka, unasukuma. Minye pia nitapiga hodi, hata nikileta chakula. Hata kukiwa na moto nitapiga hodi, lakini upesi."

Yaya alilitazama komeo. Akaingia. Mlango ukajifunga nyuma yake kwa uzito wake.

Tulikaa kwenye ngazi. Juu ya milima mawingu yalikuwa yameshuka kuja kuangalia uwanda, na harufu ya mvua ilifika kabla ya mvua. Watu wawili walianza kukunja turubai la mpunga wakigombana nani ameshika kona mbaya. Hakuna aliyewaamua.

Kisha nikasikia: *tak.*

Nilikuwa nimesimama kabla sijajua. Niliona vidole vinne katika ufa, niliona maji yanalamba ukuta, nilisikia sauti ya mke wa baba mdogo, ulikuwa wapi. Nikauweka mkono kwenye ubao niusukume.

"Unafanya nini?" mwanamke akasema nyuma yangu.

"Amejifungia!"

"Ndiyo kazi ya komeo."

"Hajui kufungua. Je, akishindwa?"

"Atashindwa, labda. Yule mwenye redio alishindwa mara ya kwanza, tulimupitishia uji dirishani, akashinda humo kama mufalme." Alikuwa amekaza kitambaa chake, na sasa hakuwa anacheka. "Unaona minye siogope? Naogopa kila siku. Lakini woga ni wangu, hapana wake. Nikitia kufuli nje, nalala vizuri minye tu. Haya. Piga hodi kama muntu."

Mvua ilianza, matone makubwa, moja moja, kila moja na shimo lake vumbini. Nikaondoa mkono kwenye ubao. Sikujua niuweke wapi. Miaka yote hii nimemwogesha, nimemvika, nimemjibia, nimemwacha, na sikujua nisimame vipi mbele ya mlango wake. Nikajisafisha koo.

"Hodi."

Mvua juu ya bati moja, kisha juu ya bati zote.

"Hodi, yaya."

Nikasikia nyayo zake. Zilikwenda mpaka dirishani, zikakaa, zikarudi. Halafu sauti ndogo ya bati ikigusa mbao, kwa uangalifu, kama mtu anavyoweka kitu anachojua atakikuta hapo hapo kesho. Alikuwa ameweka sahani juu ya kiboksi.

Mwanamke alinitazama, akainua nyusi.

Nilipiga ya tatu, nikiwa najua kabisa atakachonijibu. Atanirudishia neno langu, kama siku zote. Nilisubiri kusikia "hodi" ikitoka ndani, na tayari nilikuwa nimeisamehe.

"Hodi?"

"Bado," yaya akasema.

Sikuwa nimemwuliza jambo lenye neno hilo. Hakuna aliyelitaja siku ile mbele ya mlango ule. Alilitoa mwenyewe, mahali fulani ambapo sijawahi kufika, mimi niliyefika kila mahali.

Niliketi tena kwenye ngazi nikalowana. Mwenye redio alikuja na mkeka umekunjwa chini ya kwapa, redio chini ya lingine. "Weye unalala kule," akasema, "na mpunga." Akanipeleka kwenye ghala mwisho wa ua, akatangulia mlangoni, akasimama, akanitazama mpaka nikaelewa. Nikapiga hodi kwenye ghala la mpunga lisilo na mtu. Aliingia ndani mbio, akageuka.

"Karibu!"

Palikuwa pakavu, pananukia majani na jua la mchana. Mlango wangu haukuwa na komeo lolote. Niliutandika mkeka juu ya magunia, mahali ambapo kwa kuinua kichwa kidogo ningeweza kuuona mlango wa nne, nikauweka chini mfuko, vitenge na blanketi la yaya vikiwa bado ndani.